Mhasibu Unataka Kufundisha Watu Hela na Kuandika Kitabu? Kitabu Kiache Kwanza, Anzia Kwenye Slipu ya Mshahara

Wahasibu wengi hapa mjini Dar wana ndoto ambayo hawaisemi kwa sauti: kuachana na kufunga hesabu za watu kila mwisho wa mwezi, na wao waalikwe kwenye semina, waandike vitabu vya pesa, wasikike redioni asubuhi watu wakiwa kwenye foleni ya Ubungo. Ndoto si mbaya na njia ipo, ila wengi wanaianza kinyumenyume, wanaanza na kitabu. Mtu anajifungia ndani miezi, anatoka na kurasa mia mbili, anakopa anachapa nakala elfu moja, afu maboksi yanakaa chini ya kitanda Tabata mpaka panya wanakuwa wasomaji wa kwanza. Mi nasema kitabu kije mwisho. Anza kufundisha, tena watu wachache tu, maana maswali watakayokuuliza ndo yatakuonesha cha kuandika.

Na kazi usiache sa hivi. Najua umechoka, najua bosi anakera, ila huo mshahara ndo unakupa jeuri ya kusema ukweli. Mwalimu wa fedha asiye na kipato kingine ni rahisi sana kununuliwa: leo anafundisha bajeti, kesho anapigia debe viwanja vya Chanika kwa sababu mwenye viwanja amemuahidi kamisheni, na watu walimwamini kwa sababu ya uhasibu wake. Ukiwa na mshahara unaweza kusema hapana. Ila soma mkataba wako wa ajira kwanza, mingi ina kifungu kuhusu kufanya kazi nyingine nje, ongea na HR upate ruhusa ya maandishi ukae kwa amani. Na hesabu za mwajiri wako au wateja wake usiziguse kabisa kama mifano darasani, hata ukibadilisha jina. Hapo unavunja maadili ya taaluma, na zaidi ya hapo Dar ni ndogo, kuna mtu kwenye kiti cha nyuma atajua tu unamsema nani.

Kuhusu CPA, yani ile mitihani ya juu ya uhasibu. Huihitaji ili kumfundisha mama wa kikoba Mbagala kutunza daftari, lakini ukitaka maofisi yakulipe utaiona faida yake haraka. Kama umebakiza masomo mawili matatu, maliza. Afu kumbuka kufaulu mitihani na kusajiliwa ni vitu viwili, bodi yetu ya wahasibu na wakaguzi, NBAA, ipo kwa sheria toka 1972 na hayo mambo ya nani ajiite nani hawayachukulii kiutani, kwa hiyo usibandike CPA(T) kwenye bango la semina wakati usajili hujakamilisha.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, na hapa ndo wahasibu wengi tunakwama. Sisi tumefundishwa kuangalia hela iliyoshapita: risiti, vocha, taarifa ya benki, unalinganisha, unafunga, unaenda nyumbani. Mtu aliyekaa mbele yako darasani hana shida na iliyopita, hiyo anajua ameila. Anataka kujua kuhusu ile ambayo haijaja, na ada ya Januari ambayo inakuja tu, hela iwepo isiwepo. Ukisimama ukaanza na malengo ya muda mfupi na mrefu, sijui piramidi ya mahitaji, umempoteza dakika ya tano, anatoa simu.

Anza na slipu ya mshahara. Siku ya kwanza muulize mtu mshahara wake, atakwambia laki tisa. Chukua karatasi ya manila na makapeni, projekta achana nayo, andika 900,000 juu kabisa afu shuka nae taratibu. Chukulia yupo sekta binafsi, hana posho, na alisoma chuo kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 yake, 90,000 imeenda. Inabaki 810,000 ndo inayokatwa kodi: kwenye jedwali la PAYE, kodi ya mshahara, mpaka 760,000 kodi ni 68,000, na ile 50,000 ya juu yake inakatwa asilimia 25 ambayo ni 12,500, jumla 80,500. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 135,000. Piga yote, kinachoingia benki ni 594,500.

Hapo nyamaza kidogo. Utaona watu wanaangaliana, maana wengi wao hiyo slipu hawajawahi kuisoma, wanaangalia tu meseji ya benki, na kichwani wanaishi kama mtu wa laki tisa. Wanachangia harusi kama mtu wa laki tisa, wanapanga chumba kama mtu wa laki tisa. Mhasibu ameshaiona slipu mara elfu mpaka kwake haina maana tena, ila kwa mwenye nayo ni habari mpya kabisa, na ndo maana nasema mtaji wako wa kufundisha tayari upo mezani kwako kazini.

Hujamaliza. Muulize nyumba analipa shingapi, atakwambia laki na nusu kwa mwezi. Sasa wote tunajua mwenye nyumba wa Dar hachukui hela ya mwezi, anataka miezi sita mkononi, wengine mwaka. Miezi sita ni 900,000. Yani siku moja inakuja anatakiwa kutoa kwa mkupuo hela inayozidi kila anachopokea kwa mwezi mzima, na siku hiyo ilijulikana toka siku aliyohamia, na bado kila mara inamkuta kama ajali, anakimbilia kukopa. Mhasibu anajua dawa yake, ni kuhesabu gharama mwezi inapotokea hata kama malipo ni baadae, tunafanya hivyo kila siku kwenye vitabu vya kampuni. Basi mfanyie huyu hivyo hivyo: 150,000 itoke siku ya mshahara iende akaunti ambayo haina kadi, ahesabu kwamba hana. Inabaki 444,500, gawa kwa siku 30, unapata kama 14,800 kwa siku kwa chakula, nauli, bando, umeme, nyumbani kijijini, kila kitu. Hiyo 14,800 ndo namba ya kuondoka nayo darasani. Kuna mtu ataandika nyuma ya mkono wake.

Ukishafanya hilo na watu kumi hivi utaelewa kwa nini vitabu vingi vya pesa vinavyouzwa barabarani pale Posta havimsaidii msomaji wa huku. Vingi vimeandikwa kwa ajili ya Marekani, mtu anaambiwa alipe kwanza madeni ya kadi, aweke kwenye mfuko wa kustaafu wa mwajiri, arekebishe historia yake ya mkopo. Mtu wa Gongo la Mboto kadi ya mkopo hana, ana deni kwa Mangi wa dukani, ana Songesha ya kwenye simu, ana mchezo wa kazini anaotakiwa kupeleka elfu hamsini kila wiki, na kamati ya harusi ya binamu imemuunga kwenye grupu la WhatsApp bila kumuuliza. Andika hayo. Mchango wa harusi na msiba ni gharama ya kudumu ya maisha yetu, ipe fungu lake kwenye bajeti kama umeme. Ukimwambia mtu asichangie unamdanganya, kesho na yeye atafiwa.

Somo la pili liwe kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya kurejesha kila siku, na hapa usiwahubirie, piga hesabu tu. Chukulia mtu amepewa laki moja, anarudisha elfu tano kila siku kwa siku 26. Jumla 130,000. Yeye anasema riba ni asilimia 30, si mbaya. Mwoneshe kwamba ile laki hakukaa nayo mwezi mzima, kila siku anaipunguza, kwa wastani amekaa na kama elfu hamsini tu, na kwa hiyo elfu hamsini amelipa elfu thelathini. Ni asilimia 60 kwa chini ya mwezi mmoja. Mama anayeuza samaki Feri ataielewa hiyo haraka kuliko mwanafunzi wa chuo, mana yeye hela anaizungusha kila siku. Afu waambie kuna sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018, kwamba anayekopesha watu kama biashara anatakiwa awe na leseni, na kwamba Novemba 2024 Benki Kuu, BoT, ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya kwenye simu ambazo hazikuwa na kibali. Watoe simu waangalie kama wanazo. Darasa litachangamka lenyewe.

Wafanyabiashara ni kundi jingine, wale wa Kariakoo na Tandika tatizo lao kubwa ni kwamba duka na tumbo vinakula mfuko mmoja. Hawa wafundishe kitu kimoja tu, wajilipe mshahara kiasi kinachojulikana na zaidi ya hapo wasiguse droo. Ukileta mizania umeharibu.

Wa kuwafundisha utawapata wapi? Usianze na ukumbi wa hoteli. Anza na wenzako kazini mchana wa Ijumaa, jumuiya ya kanisani, vijana wa msikitini, kikoba cha dada yako ambacho kinakutana Jumapili na kina akina mama wenye maswali makali kuliko wakaguzi wa nje. Hizo fanya bure, ila bure yenye masharti: watu waje na slipu au daftari, wazibe jina kama wanaona aibu, na mwisho kila mtu aandike swali moja kwenye kikaratasi. Hivyo vikaratasi tunza. Nunua daftari gumu, kila ukirudi nyumbani nakili maswali yote kama yalivyoandikwa, na makosa yake, usiyanyooshe. Swali kama "nikikopa SACCOS nilipe mchezo nitakuwa nimekosea" lina sura nzima ndani yake.

Ukishakomaa nenda kwenye SACCOS zenyewe, vyama vya ushirika vya akiba na mikopo. Elimu kwa wanachama ni moja ya misingi ya ushirika, kwa hiyo nyingi huwa zinatenga fungu la mafunzo, na karibu na mkutano mkuu wanatafuta mtu wa kuongea. Kampuni nazo wanaita watu, hasa pale HR wanapochoka kupokea barua za kuomba advansi. Hapo sasa toza. Uwe na TIN, namba ya mlipakodi, uwe na ankara inayoeleweka, na ujue kwamba kampuni ikikulipa ada ya huduma itakata kodi ya zuio asilimia 5: mkikubaliana 300,000 utapokea 285,000, ile 15,000 imeenda TRA kwa jina lako, kwa hiyo dai cheti chake, usije kuilipa tena kwenye ritani yako ya mwaka. Inachekesha lakini wahasibu wanaoenda kufundisha wengine hela ndo wanaosahau kudai hicho cheti.

Sasa mpaka ambao hutakiwi kuuvuka, na hapa naomba tusikilizane. Kufundisha kitu kinavyofanya kazi ni sawa. Kumwambia mtu mmoja mmoja, tena kwa malipo, nunua hisa hii uza ile, hiyo ni ushauri wa uwekezaji na ina leseni yake CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji. Kwa hiyo eleza soko la hisa la Dar, DSE, kwamba lilianza kuuza na kununua hisa 1998, eleza gawio linatoka wapi na kwa nini bei inashuka. Eleza vipande vya UTT, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwamba mfuko wa Umoja ulianza 2005 na thamani ya kipande inafuata thamani ya mali zilizomo ndani. Eleza hatifungani za serikali, yani kuikopesha serikali kwa riba, kwamba mtu wa kawaida anaweza kuingia kuanzia milioni moja kupitia benki au dalali, na kwamba mnada unaendeshwa na BoT. Mtu akikuuliza "sasa mi niweke wapi," mpe maswali ya kumuuliza dalali mwenye leseni, jibu mwachie mwenyewe. Wengine watakuona unakwepa. Wakuone tu.

Upande wa pili wa huo mpaka ni upatu. Watu wazima bado wanaikumbuka DECI, watu walipanda mbegu wakaahidiwa kuvuna zaidi, 2009 serikali ikaingilia na watu wakabaki na kadi zao mkononi. Kila baada ya muda inarudi na jina jipya, sa hizi inakuja na programu ya simu na kazi ya kulaiki vidio. Usiwatukane waliopigwa, kuna mmoja yupo darasani kwako na hajasema. Piga hesabu tena: mtu mmoja alete wawili, kila mmoja wao alete wawili, ukifika kizazi cha ishirini unahitaji watu 1,048,576 kwenye kizazi hicho peke yake. Waache wenyewe wajiulize hao watu watatoka wapi.

Mitandaoni ni lazima uwepo, ila chukua kitu kimoja kutoka darasani, kirekodi dakika moja na simu yako, ongea kama unavyoongea na jirani. Ile slipu ya 594,500 ni vidio tayari. Kupiga picha na gari la kukodi acha, watu wa Dar wana macho, na mhasibu akijifanya bilionea mtu wa kwanza kushtuka ni TRA. Ukitaka kwenda mbali zaidi uwe na chaneli kamili ya vipindi, soma kanuni za maudhui ya mtandaoni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla hujaanza, si baada.

Haya, kitabu. Lile daftari la maswali likishajaa utagundua maswali yanajirudia, labda kumi na tano hivi ndo yanaulizwa kila mahali kuanzia Kimara mpaka Kigamboni. Hizo ndo sura zako. Kurasa mia zinatosha sana. Andika kwa Kiswahili, tena hiki tunachoongea, weka majedwali ya kujaza kwa kalamu, na kila sura ianze na swali kama lilivyoulizwa. Mpe mhariri wa kumlipa, si mpenzi wako, mana mpenzi atasema kizuri. Afu mpe mtu asiye mhasibu apige hesabu zote upya kwa kikokotoo, hesabu moja ikikosewa kwenye kitabu cha mhasibu ndo itapigwa picha isambae.

Namba ya ISBN utaipata Bodi ya Huduma za Maktaba, pale Maktaba Kuu barabara ya Bibi Titi. Hakimiliki unakuwa nayo toka unapoandika, ila kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakusaidia siku ukigombana na mtu. Kuchapa anza na kidogo, mia mbili au tatu, hata kama mwenye mashine anakwambia ukichapa elfu moja bei ya kimoja inashuka. Kweli inashuka, ila hela yote imelala kwenye maboksi, na viwango vya kodi vikibadilika bungeni Juni sura yako ya slipu imechacha. Hilo ni jambo la msingi kwa vitabu vyetu, namba zinaisha muda, kwa hiyo zile zinazobadilika ziweke kwenye kurasa chache za nyuma ambazo unaweza kuzirekebisha kila toleo.

Maduka ya vitabu yatachukua kwa mali kauli, yani wanalipa kikiuzwa, na watachukua asilimia yao, kwa hiyo usitegemee hela ya haraka huko, weka vichache ili kionekane. Mauzo ya kweli yanatokea mlangoni ukimaliza kufundisha, watu bado wamechemka, lipa namba imebandikwa ukutani. Kwa hiyo ukienda kampuni jaribu kupanga bei ya semina iwe na kitabu kimoja kwa kila mshiriki, wao wanalipa vyote pamoja na wewe maboksi yanaisha bila kuzunguka. Nakala ya PDF ukiiuza jua kabisa itasambaa kwenye magrupu, utakasirika wiki moja afu utazoea. Wengine wanaiacha kabisa wanauza karatasi tu, na mi naona wapo sahihi kwa kitabu cha kujaza na kalamu.

Na kama unadhani umechelewa, marehemu Mzee Reginald Mengi, yule tajiri wa IPP, alikuwa mhasibu Coopers & Lybrand kabla hajaanza kuunganisha kalamu miaka ya 80, na kitabu cha maisha yake alikitoa 2018, mwaka mmoja kabla hajafariki. Mambo yalifanyika kwanza, karatasi ikafuata.

Kuacha kazi ni lini? Kipimo changu ni hiki, ada za kufundisha peke yake, toa mauzo ya kitabu, toa ile semina moja kubwa iliyotokea kwa bahati, zifikie kile kinachoingia benki kwako baada ya makato, kwa miezi kumi na mbili mfululizo, mana Januari hakuna anayelipia semina na Ramadhani ratiba zote zinahama. Na kumbuka ukiondoka, ile asilimia ya NSSF aliyokuwa anakuchangia mwajiri inaisha, bima ya afya ya kazini inaisha, jisajili mwenyewe. Ada ya mwaka ya NBAA endelea kuilipa na masaa ya mafunzo endelea kuyatimiza hata kama vitabu vya kampuni huvigusi tena, siku mteja mkubwa anataka kukupa mkataba kitu cha kwanza ataomba ni namba yako ya usajili.